Barua Iliyokatwa Kola

"Ile shule mimi naijua nje ndani," alisema Mjomba, amejilaza kwenye kiti cha wateja. "Hakuna linalotokea pale likanipita. Hata kengele yao ikikohoa, mimi huku nasikia."

Maneno hayo aliyasema Jumatatu jioni. Kufika Alhamisi saa tisa, hayakuwa na hata mguu wa kusimamia. Lakini tusikimbie. Hadithi nayo ina mlango wake, na mlango ni huu.

Palikuwa na mama mmoja, fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ndicho kilikuwa sebule ya nyumba. Humo mlikuwa na meza ndefu ya kukatia, cherehani ya kukanyaga, pasi, na gunia la vitambaa chakavu. Ukitaka kukaa, kwanza utafute pini kwa mkono, ndipo ukae. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa safarini. Mdogo wa kiume wa fundi, yaani huyo Mjomba, alikuwa amemaliza sekondari na anasubiri kazi imtafute. Kazi ilikuwa haijapata bado anwani yake.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka minane. Alisoma darasa la tatu katika shule ya msingi ya masista. Aliimba tangu anapoamka. Aliimba akivaa viatu. Aliimba hata akipiga mswaki, povu likimtoka. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Kinanda.

Kila Jumatatu, masista waliwaandikia wazazi barua ya ukurasa mmoja. Ilikunjwa mara mbili na kutiwa kwenye mkoba wa kila mtoto. Ilikuwa na habari zote za shule: timu gani imeshinda mpira, misa ya watoto ni lini, sweta ngapi zimeokotwa hazina mwenyewe. Chini kabisa kulikuwa na kipande kidogo chenye neno "Nimesoma". Mzazi akikate, atie sahihi, mtoto akirudishe kesho yake.

Katika nyumba ya fundi, kipande hicho hakikuwahi kurudi.

"Dada, usijisumbue," Mjomba alikuwa akisema. "Barua zile ni zilezile tangu nasoma mimi. Salini, ogeni, leteni mafagio. Wiki ijayo: leteni mafagio, salini, ogeni."

Fundi alicheka. Kazi ilikuwa nyingi, na wiki hiyo ilikuwa nyingi zaidi. Shule yenyewe ilikuwa imempa blauzi ishirini za kwaya azishone, kola zake za mviringo. Kola ya namna hiyo haikatwi kwa macho. Kwanza unaichora kwenye karatasi ngumu, unakata karatasi, unaiweka juu ya kitambaa, ndipo unafuata mstari. Na karatasi ngumu ilikuwa imemwishia.

Sasa, karatasi hazina miguu. Lakini barua ya Jumatatu hiyo ilijikuta juu ya meza ya fundi. Ilifikaje pale? Hilo tusilichimbe sana. Ilikuwa nyeupe, safi, na ngumu kiasi chake. Mkasi ukapita, kra, kra, kra. Ikatoka kola. Ikatoka mfuko wa kifuani. Ikatoka na ncha ya mkono. Masalia yakaingia guniani.

Jumatano jioni blauzi zilikuwa zinamalizika. Fundi alikuwa na pini sita mdomoni.

"Mama, kesho tunaimba!" alisema Kinanda.

"Mm," alijibu mama yake, kwa sababu ya pini.

"Kwani ni lini huimbi?" aliuliza Mjomba. "Kasuku huyu! Nenda kalale."

Kinanda akaenda kulala. Sista alikuwa amewaambia kwamba wazazi wote wameandikiwa. Basi akajua mama anajua.

*

Alhamisi, saa tisa kasorobo, blauzi zikiwa zimeshapelekwa shuleni asubuhi, fundi alifunga cherehani na kwenda kumchukua mtoto, kama siku zote. Alipokata kona ya mwisho, miguu yake ilipunguza mwendo yenyewe. Kuna kitu hakikuwa sawa. Ilimchukua hatua kumi kutambua ni nini.

Hapakuwa na kelele.

Shule ya watoto mia nne, saa ya kutoka, husikika kabla ya kuonekana. Leo palikuwa na sauti moja tu, kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Ngo. Ngo. Ngo. Lango lilikuwa na kufuli.

Ndani ya lango alikaa mlinzi ambaye fundi hakuwahi kumwona.

"Kaka, watoto wako wapi?"

"Watoto?" Mlinzi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za jana. "Mama, shule imefungwa tangu saa sita. Wote wameondoka."

"Wote?"

"Mimi nimeletwa hapa leo saa saba, mama. Nimekuta hakuna mtu. Nimezunguka hata vyooni. Hakuna."

Saa sita mpaka saa tisa ni saa tatu. Mtoto wa miaka minane, peke yake, saa tatu.

Fundi alitoa simu na kupiga namba ya shule. Iliita. Aliisikia ikiita sikioni mwake, na aliisikia ikiita kule ofisini, ng'ambo ya uwanja, ndani ya chumba kilichofungwa. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita tena, huku na kule.

Kando ya lango, chini ya mwavuli, alikaa fundi viatu. Fundi cherehani alimkimbilia.

"Ndugu yangu, umemwona mtoto wangu? Mfupi, sweta ya bluu, kiraka cha njano kiwikoni?"

"Kiraka cha njano..." Fundi viatu aliweka nyundo chini. "Viatu vya kahawia, vipya, vya kamba?"

"Huyo! Huyo huyo!"

"Nilimwona. Asubuhi, saa nne hivi. Mimi kazi yangu ni kutazama viatu, mama, sura sizishiki. Miguu mingi ilipita, sikuijali. Lakini viatu vile vipya nikavifuata kwa macho, nikainua kichwa. Alikuwa ameshikwa mkono na mwanamume mrefu, mwenye kofia nyeusi."

"Mwanamume gani?"

"Simjui, mama."

"Walikwenda upande gani?"

Fundi viatu alinyoosha mkono kuelekea barabara kubwa, kule kwenye malori, makutano na watu wasiojuana.

Fundi alitaka kupiga kelele. Mumewe alikuwa mfupi, na yuko mbali. Mjomba alikuwa mrefu, ndiyo, lakini hakuwa na kofia, na saa nne ya asubuhi kwake ni usiku wa manane. Basi ni nani huyo mrefu wa kofia nyeusi, aliyemshika mwanawe mkono?

Akakimbia nyumbani. Njia nzima alijidanganya: nitamkuta mlangoni, atakuwa amekaa kizingitini, anaimba. Nitamgombeza kidogo tu. Sitamgombeza hata kidogo.

Kizingitini hapakuwa na mtu.

*

Ndani, Mjomba alikuwa kwenye kiti cha wateja.

"Kinanda yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Si umekwenda kumchukua wewe?"

"Shule imefungwa tangu saa sita! Mtoto hayupo!"

"Haiwezekani," alisema Mjomba. "Ile shule inafungwa saa tisa. Tangu nasoma mimi..."

Hakumaliza. Aliutazama uso wa dada yake, akainuka, na maneno yote yakabaki kitini.

Fundi aliegemea meza. Mkono wake uliangukia juu ya karatasi, ule mfuko wa kifuani alioukata Jumatatu. Macho yake, bila yeye kutaka, yakasoma:

*Alhamisi hii shule itafungwa saa sita*

Aliurudia mstari huo. Kisha akanyakua ncha ya mkono. *Watoto wa kwaya wataondoka saa nne pamoja na kateki...* Mkasi ulikuwa umepita hapo.

"Leta kola!" alisema. "Kola ile ya karatasi! Iko wapi?"

"Ipi?"

"Ipo moja tu, wee! Kwenye msumari!"

Mjomba aliiangua kola. Fundi akabandika vipande mezani kwa pini, kama vazi. Mfuko hapa, ncha ya mkono pale, kola juu. Barua ikaanza kusema, lakini kwa kigugumizi. Kola ilisema: *Mzazi amchukue mtoto wa kwaya saa saba u nusu, siyo shuleni bali*

Na hapo palikuwa na shingo. Tundu la shingo, la mviringo, lililokatwa vizuri na fundi hodari. Neno lililofuata halikuwepo.

"Bali wapi?" fundi alilia. "Bali wapi?"

Mjomba alilipindua gunia. Vitambaa vikamwagika sakafuni, nyuzi, mabaki ya bitana, karatasi zilizokunjamana. Wakapiga magoti wote wawili. Pini zilimchoma Mjomba magotini, naye akaendelea kutambaa. Akavipekua vipande kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa cha gazeti. Kingine kilikuwa cheupe tupu. Cha tatu kilikuwa cha mviringo, kama sahani ya kuchezea ya mtoto.

*ukumbi wa parokia, mlango wa nyuma.*

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu na dakika tano. Mtoto alitakiwa kuchukuliwa saa saba u nusu. Kama alipelekwa huko kweli, basi amesimama mlango wa nyuma zaidi ya saa mbili. Kama bado amesimama. Na huyo wa kofia nyeusi ni katekista, au ni mwingine?

Hakufunga mlango. Alikimbia na pini zikiwa zimemng'ang'ania kifuani, na Mjomba nyuma yake.

*

Mlango wa mbele wa ukumbi ulikuwa umefungwa. Walizunguka. Nyuma palikuwa na ua mdogo, pipa la maji, na benchi. Benchi lilikuwa tupu.

Fundi alisimama. Masikio yake yalivuma. Kisha, katikati ya ule mvumo, alisikia kitu chembamba kama uzi. Mtu alikuwa anaimba ndani.

Aliusukuma mlango.

Kinanda alikuwa amekaa juu ya meza, blauzi yake mpya imekunjwa vizuri kando. Viatu vya kahawia vilining'inia. Mbele yake, kwenye kiti, alikaa mwanamume mrefu, na juu ya goti lake palikuwa na kofia nyeusi. Karibu na dirisha alisimama Sista Mkuu, ameshika daftari.

"Mama, umechelewa," alisema Kinanda. "Nyimbo zangu zimeisha mara tatu."

Fundi alimkumbatia mpaka mtoto akasema, "Mama, pini!"

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Sista.

Fundi alifungua mdomo kuitikia. Kilichotoka kilikuwa kilio.

Sista alimwacha alie. Kisha akamletea kikombe cha maji na kiti.

"Huyu ni katekista wetu," alisema. "Leo watoto wamekuja kuwaimbia wagonjwa. Wamepanga mstari, na yeye hushika mkono wa mtoto wa mwisho. Mtoto mfupi ndiye wa mwisho."

"Mimi si mfupi," alisema Kinanda.

"Tulipiga simu yako mara sita, fundi. Kila mara anapokea bwana mmoja anauza kuku. Mara ya sita akaniuliza, 'Sista, unataka jogoo au hutaki?'"

Fundi aliinamisha kichwa. "Namba hiyo niliiacha, Sista. Simu ilitumbukia kwenye beseni. Nikanunua laini nyingine."

"Ukatuambia?"

"Hapana."

"Tuliuliza kwenye barua, wiki tatu mfululizo: nani amebadili namba? Hatukupata jibu. Tukadhani haikubadilika. Nilikuwa nakaribia kumtuma katekista kwenu, lakini simtoi mtoto hapa bila idhini, wala sikutaka kubaki naye peke yangu na geti wazi. Ndipo nikangoja." Kisha Sista akapunguza sauti. "Na kuna jambo jingine. Kuna mtu ulimtuma?"

"Kumtuma nani?"

"Saa nane alikuja kijana mmoja. Alisema ametumwa na mama fundi amchukue Kinanda. Alijua jina hilo. Alijua na kazi yako."

Fundi aliweka kikombe chini.

"Sikumtuma mtu," alisema fundi polepole.

"Nilijua. Nilifungua daftari hili nikamwuliza jina lake, nilitafute kwenye orodha. Akasema anakwenda kuegesha baiskeli vizuri. Hakurudi."

Mjomba alikaa chini bila kukaribishwa.

"Mimi nilisema simjui," alisema Kinanda. "Akaniambia, twende, mama anakungoja. Nikashika mkono wa katekista kwa nguvu."

"Ulifanya vizuri," alisema katekista. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Mkono bado unaniuma."

Fundi alimtazama mwanawe, kisha akautazama mlango. Kijana huyo alitoka hapo, akaingia mtaani, na mtaa umejaa vijana wenye baiskeli. Kulijua jina la Kinanda si kazi. Mtaa mzima unaliita. Hofu iliyokuwa inaondoka ikageuka na kurudi, ikakaa pembeni. Alielewa kwamba hii haitaondoka yote. Ya namna hii mtu huishi nayo, akaifungia milango.

"Sista, nifanye nini?"

"Mambo madogo," alisema Sista. "Barua ikifika, isome siku hiyohiyo, kabla ya kuweka kitu kingine juu yake. Kipande cha 'Nimesoma' kikirudi, sisi tunajua habari imekufikia. Kisiporudi, tunakutafuta. Lakini chako hakijarudi mwaka mzima, nasi tukazoea. Hapo tulikosa sisi pia."

Alifungua daftari. "Namba yako mpya. Na namba ya mtu mwingine, ukikosekana wewe. Kisha majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Hapa yamo mawili tu, lako na la mume wako."

"Na langu?" aliuliza Mjomba.

"Halimo. Leo ungekuja peke yako, nisingekupa mtoto."

"Lakini Sista! Mimi nilisoma kwenu!"

"Nakukumbuka," alisema Sista. "Ndiyo maana."

*

Jioni hiyohiyo fundi alikata kitambaa kilichobaki cha blauzi za kwaya. Alishona mfuko mkubwa, akauning'iniza ukutani, juu ya cherehani. Ndani yake huingia barua za shule tu. Mkasi haugusi kitu cha humo, isipokuwa kile kipande cha chini.

Kila Jumatatu, Kinanda huisoma barua kwa sauti, wote wamekaa. Mama hutema pini kwanza. Anayejifanya amesikia huulizwa swali.

Na baada ya barua huja maswali mengine.

"Nikichelewa?" mama huuliza.

"Nabaki palepale na mwalimu. Siondoki."

"Mtu akisema mama amenituma?"

"Siendi. Namwambia mwalimu, kwa sauti."

"Hata kama anajua jina lako?"

"Hata kama anajua na la paka wetu."

Mwezi uliofuata, barua ilisema lango kubwa litafungwa siku mbili, nguzo zake zinabadilishwa, na watoto watatokea mlango wa jikoni. Siku hiyo wazazi saba walisimama mbele ya lango lenye kufuli, nyuso zimewabadilika. Mmoja alikuwa ameshaanza kulia. Fundi cherehani alipita akiwa amemshika mwanawe mkono. Aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa.

"Msiogope," aliwaambia. "Wapo mlango wa jikoni, na mwalimu wao. Iko kwenye barua." Akamsindikiza yule aliyelia mpaka huko, kisha akamweleza habari ya mfuko wa ukutani. Yule mama akaagiza wa kwake, wenye kifungo.

Basi hiyo ndiyo hadithi. Na tangu hapo, katika nyumba ya fundi, hakuna karatasi ya shule inayopita bila kusomwa. Hata Mjomba amebadilika kabisa. Jina lake limo kwenye orodha, na sasa hakuna linalotokea shuleni likampita...

"Mjomba, hapa umedanganya."

Huyo ni Kinanda. Amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma begani kwangu. Ndiyo, kiti cha wateja. Ndiyo, Mjomba ni mimi. Nilidhani tungemaliza bila kufika huko.

"Nimedanganya wapi?"

"Hapa. 'Karatasi hazina miguu.' Barua uliitoa wewe mkobani mwangu. Ukampa mama, ukamwambia, dada, hii ni ya mafagio, katia kola. Nilikuona."

"Hadithi haiwezi kusema kila kitu, mwanangu."

"Na hapa, 'Mjomba amebadilika kabisa'?"

"Nimebadilika."

Kinanda akaishika ncha ya karatasi. Halafu akasema, kwa sauti ileile anayoisomea Jumatatu, "Hebu geuza hiyo karatasi unayoandikia."

Nikageuza.

*Wapendwa wazazi na walezi,* ilisema karatasi. *Kesho...*

Huko mezani, mkasi wa dada ukaacha kukata.